Dumu la Maji ya Ziwa

Miaka ile ya Ujamaa, dada yangu alijifungua mtoto wa kiume kule Karatu. Mama akachota dumu la maji ya ziwa pale Musoma, ili mjukuu wake aogeshwe maji ya kwao. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwaga na Landrova kuukuu, akatupakia.

Tukiwa tunapanda Ngorongoro, mimi nikiota kugusa mawingu kwa mkono, rejeta ikachemka. Maji ya akiba yalishakwisha.

"Dada, leta hilo dumu," mjomba alisema.

"Gari lako linywe, mume wangu mdogo aogee nini?"

"Huyo mume utamwona lini, tukilala huku na baridi hii?"

Mama alicheka, akamimina mwenyewe, polepole. Tulifika na maji ya kikombe kimoja. Alimpangusa mtoto uso kwa kiganja, akamwambia, "Karibu Musoma, mume wangu."