Pua ya Bibi na Mitende ya Izki

Juzi, katika zahanati ya Izki, huku Oman, bibi mmoja wa Kiunguja alikaa karibu na dirisha akapiga chafya. "Alhamdulillah," akasema. Foleni nzima tukamwitikia, "Yarhamuki Llah." Chafya zilipozidi, tukawa tunaitikia kwa kuinua kidole tu.

Bwana mmoja mwenye bendeji gotini akamgeukia. "Shikamoo bibi. Mafua hayo?"

"Marahaba, mwanangu. Mafua wapi! Mie makarara ya mitende dume yakipasuka tu na kumwaga unga wa maua, pua haina raha tena. Lakini kawaida hungoja baridi iishe. Mwaka huu baridi yenyewe haikuja, mablanketi hata sijayatoa sandukuni."

"Unakaa wapi, bibi?"

"Hapo chini, penye falaji, ule mfereji wa kunyweshea mitende."

Bwana akashika kichwa. "La ilaha illa Llah! Mitende yangu iko huko huko, nami likizo ya kuitia unga nimeomba ya mwezi ujao!"

Unga wa dume ukishapeperuka, majike hayana cha kutiwa, na tende za mwaka ndiyo basi. Akatoka mbio, na goti lake hilo hilo.

Redio hutusomea joto kila jioni, nasi tunasema "ah" na kugeuza stesheni. Habari yenyewe alikuwa nayo bibi.

Bibi alipoitwa ndani kwa daktari, kabla hajakaa kitini, yule bwana akarudi akihema, akachungulia mlangoni.

"Daktari, nakuomba, dawa ya chafya usimpe huyu! Likizo ya mwakani nitaomba siku atakayoanza."