Kompyuta Iliyomeza Sauti ya Bibi

Juzi ofisini kwetu faksi ambayo wote tuliijua kuwa imekufa ilifufuka. Ikakoroma, ikapiga mluzi, halafu ikaanza ule ukelele mwembamba unaokwaruza masikio. Wenzangu walicheka. Mimi nilijikuta nimeficha vidole kwapani, na puani nanusa plastiki iliyoungua. Ukelele ule niliusikia utotoni, Guangzhou, siku Mama alipotaka kumuua mdogo wake.

Msinishangae, ndivyo ilivyokuwa. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mama alikuwa akinunua jinzi kwenye viwanda vya Xintang, nje kidogo ya jiji, na kumtumia Baba, aliyebaki Dar kupokea kontena. Mimi na Mama tulipanga chumba Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi. Mjomba Elia, kitinda mimba wa kwao, alikuwa anasoma uhandisi chuo kikuu kwa ufadhili, na kila mwisho wa wiki alikuja kwetu kula ugali na kulala sakafuni.

Siku moja alikuja amekumbatia kompyuta. Si hizi mnazozijua ninyi. Ilikuwa kibodi nene tu, ya Kijapani, ya kampuni ambayo nadhani hata Wajapani wenyewe walishaisahau. Aliichomoa kwenye lundo la vyuma chakavu, na laoban, mwenye lundo lake, alimcheka usoni. Iliunganishwa na televisheni. Kwa kuwa umeme wa Japani una nguvu ndogo kuliko wa China, Mjomba aliitafutia transfoma, donge la chuma ambalo mimi sikuweza kulinyanyua. Tena ilikuwa sahaulifu kupindukia: ukizima, kila ulichoandika kimepotea. Ili ikumbuke ilibidi uiunganishe na redio kaseti, nayo iliimba kazi yote kwenye utepe kwa ukelele ule ule wa faksi. Kesho yake unairudishia kaseti, inasikiliza, inakumbuka.

Jumamosi ile Mjomba aliniandikia mchezo wa kuku anayemkimbia mwewe. Kuku alikuwa herufi O na mwewe herufi V, lakini nilipiga kelele kila alipodonolewa. Chakula kilipoiva, akatafuta kaseti ya kuhifadhia. Akaona moja ya kwaya ya kanisa letu la Njombe, kwaya aliyoichoka tangu yuko shule. Akaitia hiyo.

Sasa sikilizeni. Watu wa nyumbani wakati ule walikuwa wakijirekodi na kumpa msafiri kaseti badala ya barua. Kaseti ya dukani haikubali kurekodiwa kwa sababu vijino vyake vimevunjwa, ila ukiziba vitundu kwa karatasi iliyotafunwa, inakubali. Ndivyo wajukuu walivyomfanyia Bibi, mama mzazi wa Mama na Mjomba. Akarekodi maneno yake palipokuwa na nyimbo za kwaya, kaseti ikatufikia, na haukupita muda akafariki. Mama hakuweza kwenda kumzika. Kila Jumapili alikuwa anafunga mlango na kumsikiliza. Mjomba alikaribishwa mara nyingi, na kila mara alisema, "Wiki ijayo, dada." Kwa hiyo hakujua sauti ile imekaa kwenye kaseti ipi, na zile karatasi kwenye vitundu hakuna aliyezitoa.

Kesho yake Mama alijifunga kitenge, akaketi, akabonyeza redio. Ukatoka ukelele.

"Huyo ni kuku wa Neema, dada," Mjomba akasema akicheka. "Nimemhifadhi humo."

Mama alinyanyua ile transfoma kwa mikono miwili, waya ukachomoka ukutani kwa cheche. Pigo la kwanza lilipasua kibodi, vitufe vikaruka mpaka kitandani. Akapiga tena na tena, mpaka matumbo ya mashine yakatoka nje. Mjomba alipomkimbilia alipigwa bega, akaanguka magotini.

"Umemuua Mama mara ya pili!"

Kisha akaigeukia redio, ambayo bado ilikuwa inalia. Mjomba akaifunika kwa mikono. Transfoma ikashuka. Vidole vikivunjika havipigi kelele kubwa, ni kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia moto. Akapigwa tena, hakuiondoa mikono. Jirani yetu Mkongo ndiye aliyevunja mlango na kumkamata Mama.

Mjomba aliondoka na redio kwapani, damu ikidondoka ngazini. Nilimchukia. Nilijiambia, mtazame, kompyuta imekufa lakini bado anang'ang'ania vyombo vyake. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Yetu iliganda, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa mezani petu.

Mpaka nilipokuwa naolewa, wazee wakasema binti haolewi bila mjomba. Alikuja Njombe na mvi, vidole vitatu vya mkono wa kulia vimepinda, akaiweka redio ile ile mbele ya Mama. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kuku wangu akalia weee, Mama akainuka aondoke. Ukelele ukakatika. Akasikika Bibi, katikati ya maneno yake: "...na viazi vimedumaa mwaka huu. Elia anakula? Mwambie asilale na nywele mbichi."

Mama alikaa chini. Alisikiliza mpaka utepe ukaisha.

"Kwa nini hukuniambia amebaki?"

"Ningesema saa ngapi, dada? Ulikuwa unanipiga. Na nilipokuja kubisha hodi, hukufungua."

Mchezo mdogo vile haujazi kaseti nzima. Mjomba alilijua hilo pale pale, akiwa magotini, na mimi niliyekuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake, miaka yote nilidhani alikuwa analinda mashine. Alikuwa amemfunika mama yake. Na katika msiba wa Bibi, sote tulimpa Mama pole, na hakuna aliyekumbuka kumpa yeye.

Mama aliuchukua ule mkono, akaanza kuvinyoosha vidole, kimoja kimoja, kama vile bado vinaweza kunyooka.