Februari ya Mwaka 2000

Chumba cha kompyuta pale Thika kilikuwa na mlango wa vyuma, na mwalimu wetu alitufungia ndani kwa kufuli. Alisema ni kwa sababu ya wezi. Mimi nasema alipenda tu kushika ufunguo. Ilikuwa 1996, na siku za mazoezi sheria yake ilikuwa moja: hakuna kutoka mpaka programu yako ipasi majaribio yote kumi.

Programu ya siku hiyo ilikuwa fupi. Unaipa mwaka, inakuambia Februari ina siku ngapi. Majaribio aliyaandika mwalimu mwenyewe. Ukiandika TEST kwenye ile skrini nyeusi na kubonyeza Enter, inateremka mistari kumi, kila mmoja na mwaka wake, na mbele yake PASS au FAIL. Yangu ilipasi tisa. Mwaka 2000 ukafeli.

Nikaandika tena, ukafeli tena. Wenzangu walikuwa wakifunguliwa mmoja mmoja, kwa sababu walifuata alichotuandikisha mwalimu daftarini: miaka inayogawanyika kwa mia haiongezwi siku ya ishirini na tisa. Mimi na kiherehere changu nilikuwa nimesoma kitabu mpaka mwisho, nikajua kwamba ikigawanyika kwa mia nne huongezwa. Tena si kitabu tu. Mtoto wangu alizaliwa tarehe ishirini na tisa Februari mwaka huohuo wa 1996, na nilikuwa nimeshahesabu kwamba tarehe yake ingerudi mwaka 2000.

Mtoto huyo nilikuwa nimemwacha kwa jirani, kule Kiuu. Hakuwa amenyonya tangu asubuhi na chupa alikuwa haitaki kabisa. Kufikia saa tisa maziwa yalikuwa yanalowesha blauzi yangu. Nikavaa sweta kwenye joto lile, nikaenda mlangoni. Mwalimu alikuwa ameketi upande wa pili wa vyuma, anasoma gazeti. Nilimweleza habari ya mia nne, nikamweleza na habari ya mtoto.

"Mama, kompyuta haina ubishi," akasema. "Ikisema umekosea, umekosea."

"Lakini ni wewe uliyeiambia iseme hivyo, mwalimu."

Akafunua ukurasa mwingine.

Nilimchukia sana. Nilisimama pale nimeshika vyuma, nikijua niko sawa, na kuwa sawa hakukufungua kufuli. Basi nikarudi nikafuta mstari mmoja, ule wa mia nne. TEST. Enter. PASS zikateremka zote kumi. Alikuja akatazama, akauliza kama sasa nimeona. Nikasema nimeona, nikamwambia na asante. Asante hiyo inanichoma mpaka leo.

Nilimkuta mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Alinyonya akiwa ameshika sweta yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa kuachwa tena.

Disketi ile bado ninayo. Ndani yake mwanangu hana siku ya kuzaliwa mwaka 2000, na majaribio yote yamepasi.