Matumbawe Yake, Bustani Yetu

Nilisikia kifo chake kwenye redio, saa ya chakula cha mchana, katikati ya yale matangazo ya vifo ambayo mke wangu haruhusu mtu ayazime. Mtangazaji alilitaja jina lake kamili, likiwemo jina ambalo sikujua analo, kisha akamwita baba mpendwa, mume mwema na jirani wa wote. Hapo niliweka kijiko chini. Mimi ndiye niliyekuwa jirani yake hapa Ruiru, ua mmoja wa kayaba kati yetu, na kwa miaka mingi alikuwa pia msimamizi wangu wa zamu katika kiwanda cha nguo kule Thika, nilikokuwa fundi wa mashine. Kama kuna mtu wa kuulizwa habari za ujirani wake, ni mimi, na hakuna aliyeniuliza. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba wafu wengi nimewaaga hapa kwa maneno mazuri. Huyu sitamtendea hivyo. Sikumpenda alipokuwa hai, na sioni kwa nini jeneza linibadilishie kumbukumbu.

Mazishini nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungezua maneno. Msemaji mmoja, mtu wa ukoo wake, alikiri kwamba marehemu alikuwa mkali, lakini akatuomba tumwelewe: alilelewa kwa taabu, hakufundishwa upole, kwa hiyo hakujua namna ya kumjali mtu. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Nilitaka kunyoosha mkono kama mwanafunzi. Alijua. Alijua kujali kuliko sote tuliokuwa tumesimama pale kaburini, na mimi niliona kwa macho yangu.

Sebuleni kwake, pale ambapo watu wengine huweka televisheni na vitambaa vya kufuma, aliweka tangi la kioo lililojaa maji ya bahari. Bahari, huku kwetu kwenye mibuni na vumbi jekundu. Maji aliletewa kwa mitungi na madereva wa malori waliokwenda Mombasa kupakia rangi za vitambaa bandarini. Nani angemkatalia msimamizi? Humo ndani hakukuwa na samaki wa kupendeza. Kulikuwa na mawe, na juu ya mawe matumbawe ya rangi ya chungwa iliyokolea, na mapazia ya chumba yalifungwa mchana kutwa. Mara ya kwanza kuingia nilimwambia maua yake yatakufa kwa kukosa jua. Alinitazama kama nimemwaga grisi kwenye kitambaa cheupe.

"Maua? Fundi, ushaona ua lina mdomo?"

"Bado, bosi."

"Basi nyamaza ujifunze. Hawa ni wanyama."

Alinieleza, na hilo sitamnyima: alieleza vizuri. Matumbawe mengi, alisema, hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa msaada wa mwanga. Haya yake hayana uwezo huo. Uyaanike kwenye jua la dunia nzima, yatakufa njaa vilevile. Yanangoja kuletewa, na kila mdomo unangoja wa kwake. Basi alikatakata kamba wa baharini wabichi mpaka wakawa vipande vidogo kama punje za mtama, akazima pampu ili maji yatulie, akadondosha kwanza supu ya kamba ili wanyama wale wanuse. Wakafunguka polepole, kila mmoja akichomoza vidole vya manjano. Kisha, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lililofungwa mrija mrefu, akaweka kipande kimoja juu ya kila mdomo. Mle ndani aliishi mdudu mmoja aliyezoea kuwanyang'anya chakula kabla hawajameza, kwa hiyo alikata chupa ya plastiki ya mafuta ya kupikia, akawafunika nayo kama kuku na vifaranga mpaka wamalize. "Yule aliyejikunja pale hajala," alinong'ona. Sauti ile sikuwahi kuisikia kiwandani.

Kiwandani tulisikia nyingine. Mtu huyo huyo ndiye aliyefuta chai ya maziwa ya zamu yetu. Kina mama wa kusokota nyuzi walimwendea kumwomba airudishe, nami nilikuwa karibu, chini ya mashine, nikibadilisha mkanda. Aliwauliza, "Hizi mashine zinakunywa chai?" Wakasema hapana. "Na si zinafanya kazi?" Mama mmoja aliyekuwa ametoka uzazini juzijuzi akamjibu, "Mashine hainyonyeshi, bosi." Watu wakaangua kicheko. Siku iliyofuata mama yule alihamishiwa chumba cha kuchambulia pamba, ambako vumbi huingia mpaka kwenye meno, na maziwa yake, nilisikia, hayakuchukua muda kukauka. Mimi niliendelea kufunga mkanda wangu.

Lakini ninayo sababu ya karibu zaidi ya kumchukia, na sababu hiyo ni bustani ya mke wangu. Kulisha wanyama wale kuna taka yake. Kipande kisichomezwa huoza, maji hugeuka sumu, na wanyama wanaolishwa sana huuawa na chakula chenyewe. Dawa ni kuyatoa maji machafu kila mara na kutia mapya. Yeye aliyatoa kila wikendi, kwa bomba alilolipitisha chini ya kayaba. Upande wake kulikuwa na nyasi na mawaridi. Upande wetu, kwenye mteremko, kulikuwa na sukuma wiki, managu, na nduma kule chini penye unyevu. Mshahara wa kiwanda ulipochelewa, na ulichelewa sana miaka ile, nyumba yetu ilikula bustani ile na hakuna kingine.

Majani yalianza kuungua kingo. Mke wangu alidhani ni wadudu, akanyunyiza majivu. Kisha udongo ukawa ukikauka unaacha ukoko mweupe, kama midomo ya mtu mwenye homa. Akaugusa kwa kidole, akalamba.

"Ni chumvi," akasema. "Hii maji ya huyu mtu ina chumvi."

"Achana nayo. Yule ni bosi wangu."

"Na hii ni shamba yangu."

Niliposhindwa kwenda, alikwenda mwenyewe. Alichuma sukuma zilizobaki, akazikaanga, akazipakua kwenye sahani na kuuzunguka ua mpaka mlangoni kwake. Nilimfuata nyuma, si kumsaidia, ila kuhakikisha hasemi neno litakalonifuata kazini. Tulimkuta akilisha. Hakugeuka hata kutusalimu. "Ngojeni. Nikiacha sasa watajifunga," akasema. Basi mke wangu akasimama na sahani yake mkononi, katika chumba kile chenye giza, akitazama mdomo baada ya mdomo ukipewa haki yake. Mwishowe akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya jiwe.

"Huyo mdogo wa nyuma umemruka."

Akachungulia, akaona ni kweli, akamlisha. "Una macho, mama," akamwambia, na kwa dakika ile nilidhani mambo yamekwisha vizuri.

"Haya, umelisha watoto wako. Sasa kula chakula ya watoto wangu."

Alicheka, akachukua tonge moja la sukuma kwa vidole, akatafuna, akakunja uso. "Ngai! Umezidisha chumvi."

"Sijatia chumvi."

Pampu ilikuwa bado imezimwa. Nilimwona akielewa, macho yake yalikwenda dirishani, upande wa ua, yakarudi. Lilikuwa jambo la kusema pole na kuvuta bomba kulielekeza kwake. Badala yake akajifuta vidole kwenye suruali.

"Basi si nimekusaidia? Sasa hununui."

Nami nikacheka. Sikupanga kucheka. Kilinitoka kile kicheko cha kazini, kile ambacho mtu wa chini huwa anacho mfukoni kwa ajili ya mizaha ya mkubwa. Mke wangu hakunitazama. Alifunika sahani kwa ncha ya leso yake, akaondoka. Wiki ile alichimba mtaro peke yake kandokando ya kayaba ili maji yageukie njiani, na mimi, nikijua bosi anaweza kuchungulia dirishani, sikushika jembe. Nilikuja kulishika baadaye, lakini chumvi ilikuwa imekwisha kupita chini ya mtaro. Nduma zilikufa kwanza.

Kisha mitumba ikajaa kila soko, kiwanda kikadhoofika, na tukaanza kupunguzwa. Mimi niliondoka mapema. Yeye alifuata, na ninakiri siku hiyo nilikula kwa hamu. Malori yakakoma, na mitungi ikakoma nayo. Maji mapya yalipokosekana, alilazimika kupunguza chakula ili yale ya zamani yasiharibike. Nilikwenda kumtembelea, na msidhani nilikwenda kwa wema. Matumbawe bado yalikuwa na rangi ukiyaona kwa mbali, lakini ukisogea uliona nyama imerudi nyuma na jiwe jeupe limetokeza kingoni. "Wanakufa hivi hivi," akaniambia. "Hawapigi kelele. Huo ndio ubaya wao." Nilimfikiria yule mama wa nyuzi. Yeye alisema kwa sauti, na kwa lugha ambayo bosi aliijua, na haikumfaa kitu.

Walipokufa wote, ilikuwa Jumamosi, tulikuwa bustanini. Mke wangu alikuwa ameinua tuta jipya kwa samadi na udongo aliobeba mgongoni kutoka mtoni, na miche ilikuwa imeanza kushika. Tukamwona akivuta lile bomba kutoka dirishani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimpazia sauti. Nilikuwa sina kazi ya kupoteza, kwa hiyo msihesabu kuwa ni ushujaa.

"Mzee, leo mwagia kwako! Hakuna kitu unachookoa tena!"

Alinitazama juu ya kayaba, bila hasira, kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Bomba tayari liko huko," akasema, na akafungua.

Maji yaliyooza yalishuka, yakajaa mtaro, yakapanda tuta. Mke wangu hakusogea. Alisimama ndani yake na jembe lake mpaka yakaisha, miche ikiwa imelala miguuni pake. Siku hizi tunapanda upande wa pili wa nyumba, kipande kidogo chenye kivuli. Pale pa zamani panaota nyasi ngumu ambazo hata mbuzi anazipita.

Kwa hiyo msiniambie hakujua. Mtu anayeweza kuona, gizani, mdomo mmoja ambao haujala, amefuzu somo lote la kujali. Hakuna alichobakiza kufundishwa. Ukali wake kwa watu haukutoka kwenye ujinga. Aliamua nani wa kulishwa na nani wa kumwagiwa, akalala vizuri. Nami sina ujinga wa kujificha nyuma yake. Niliujua ule udongo, nilimjua aliyeuharibu, nikampa kicheko. Mke wangu amenivumilia tangu siku ile. Kunisamehe ni neno ambalo sijamsikia akilitamka, wala simdai.

Vijana wanaoanza kazi sasa huniuliza watamtambuaje mkubwa mwema. Msimpime kwa upole alionao kwa anachokipenda, maana hapo kila mtu ni mpole. Fuateni bomba lake mpaka mwisho, mwone maji yake machafu yanaangukia kwa nani. Mkishaona, mwambieni angali na masikio, na mwambieni mkiwa bado mnakula mshahara wake, kwa sababu mimi nilingoja mpaka haikunigharimu kitu, na kufikia hapo haikumwokoa mtu.