Ndege Aliyekemewa

Harufu ya majani yanayooza kwenye maji bado hunijia nikipita nyuma ya nyumba, ingawa majani yenyewe hayapo tena. Juu ya kilima chetu hapa Machakos, upande unaokaa na ukungu, kulikuwa na ithembo, msitu mdogo wa matambiko ya zamani ambamo hakuna aliyethubutu kuingia na panga. Ndani kulikuwa na chemchemi, na hapo aliimba ndege mdogo ambaye hatukuwahi kumwona. Susu, mama yake baba, alitufundisha kusimama kwanza na mitungi yetu. Ndege akiimba, tunateka. Akinyamaza ghafla, tunangoja, maana nyoka yuko karibu.

Mwaka ule baba alikuwa ameokoka, na tena alikuwa anachoma matofali. Majina ya waliohusika sifichi: ni baba yangu Nzioka, ndugu yake Mbithi, na Musyoka, mzee wa kanisa.

“Sauti bila mwili,” Musyoka alisema. “Hiyo ni pepo.”

“Pepo gani anakula viwavi?” Susu akamuuliza. “Wewe Musyoka, hata jogoo wako akiwika gizani utamkemea?”

Wanawake wakacheka. Wanaume wakaimba pambio, wakakemea kichaka asubuhi nzima, na ndege akawa anawajibu tu. Ndipo wakaingia na misumeno. Mti mkubwa ulipoanguka, kitu kiliruka kutoka matawini kikatua juu ya gogo, karibu na mguu wa baba: kijani kilichofifia, kidogo kama kidole gumba, kiwavi mdomoni. Sote tulikiona. Nilimtazama baba nikingoja aseme basi. Akapangusa jasho.

“Kateni,” akasema. “Tanuri linangoja.”

Mvua za Novemba zilikuta kilima hakina mizizi ya kukishika. Udongo ulishuka mchana, mimi na Susu tukiwa jikoni. Mimi nilitolewa nikiwa na mkono uliovunjika, ambao mpaka leo haunyooki. Susu alitolewa kesho yake. Kwenye mazishi Musyoka alihubiri kwamba ni mapenzi ya Mungu, na baba akaitika amina.

Siku hizi maji tunaletewa na bowza, tunapanga mitungi barabarani. Kilimani panalia upepo tu. Nami naishi kwenye nyumba ya matofali yale yale, kwa sababu ndiyo niliyoachiwa. Majuzi jirani mgeni alipapasa ukuta, akanigeukia.

“Baba Ndinda, hizi matofali zimeiva kweli! Nani alichoma?”

Nikamkaribisha chai.