Siku Niliyohesabu Mwezi wa Wakwe

Kabla ya kuvunjika mgongo nilikuwa mtu wa kujisifu, na sioni haya kulisema. Kazi yangu ni kuwafunza wanaoanza kuruka na parachuti kutoka majabalini. Majabali yetu ya Mnarani, hapa Kilifi, ni mafupi, parachuti haiwahi kufunguka. Kwa hiyo hapa huwafunza hatua ya kwanza tu, wakirukia baharini bila parachuti, maji yakiwa yamejaa: kichwa juu, kifua mbele, sukuma kwa miguu yote miwili. Anayekosea hapa hupigwa na maji. Kwenye jabali refu hufa.

Saa za maji kujaa na kupwa nilizipata kwa kuhesabu siku za mwezi, alivyonifunza marehemu baba. Mwaka ule Idi niliila Malindi kwa wakwe zangu, ambao hufuata mwezi ulioandama ng'ambo. Kwetu Kilifi waliila kesho yake. Nami, kwa shibe ya biriani, nikaendelea na hesabu ya wakwe. Nikawa siku moja mbele, na kila siku maji hujaa karibu saa nzima baadaye kuliko jana yake.

Siku chache baadaye nilikuwa jabalini na mwanafunzi wangu Mutua, fundi umeme kutoka Machakos. Akachungulia chini.

"Mwalimu, lile jiwe jana halikuonekana."

"Wewe mtu wa bara, habari za maji wazijulia wapi? Bado yajaa hayo. Nitazame mimi."

Yalikuwa yashaanza kupwa kitambo. Nikaruka, na hatua yangu ilikuwa safi kabisa. Visigino vikagonga mwamba. Nilisikia mlio mgongoni kama muwa ukivunjwa, kisha sikuisikia miguu tena. Nikameza maji. Mutua alishuka mbio kwa njia ya pembeni, akanishika kichwa na mabega, akanilaza juu ya maji.

"Usijitikise, mwalimu. Ulitufunza hivyo."

Hospitalini daktari hakuzungusha maneno. "Pingili moja ya mgongo imepasuka, na visigino vyote viwili. Kutembea siwezi kukuahidi."

Walinipasua, wakanitia vyuma. Nililala wiki sita. Mkojo ulitoka kwa mpira. Mke wangu Zuhura alinisafisha choo na kunigeuza, na kidonda cha makalioni kilinuka hata mimi nikaona kinyaa. Nililia mbele yake. Kufa sikukuogopa sana. Nilikiogopa kiti cha magurudumu.

Mama mkwe alikuja na uji. "Mwanangu, mwezi wetu una kosa gani?"

"Hauna, mama. Kosa ni langu, kuuchanganya na hesabu ya baba."

Wiki ya saba kidole gumba cha kushoto kikacheza. Zuhura alipiga kigelegele, muuguzi akaja mbio akidhani nimekufa. Kutoka hapo ikawa mazoezi, magongo, kuanguka na kuinuka, karibu mwaka mzima. Leo natembea, nikichechemea.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Zuhura kuliko ninavyoweza kusema. Wewe uliyelala chali sasa, usikate tamaa kwa sababu ya wiki sita. Na wewe unayefundisha, teremsha kamba yenye jiwe upime maji kabla mtu hajaruka, na mwanafunzi akikuonyesha kitu, kitazame kabla ya kumjibu.

Nimerudi kazini. Kamba huishika Mutua. Juzi wanafunzi wote walikuwa tayari, nami nilikuwa na hakika kwamba maji yatosha. Mutua akavuta kamba, akaitazama, akatikisa kichwa. Tukarudi nyumbani.