Distributa ya Bwana wa Serikali

Gesi ilipogunduliwa baharini kwetu, mji wa Palma ulijaa magari meupe mapya ambayo hayakuwahi kubeba hata nazi moja. Mimi na wifi yangu tulikuwa na pikapu kuukuu ya kabureta, iliyokwisha kubeba kila kitu isipokuwa gesi yenyewe. Wifi, dada mkubwa wa mume wangu, ndiye dereva. Alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na alikanyaga mafuta kama anayeua nge. Tulichukua samaki wakavu kijiji cha Quiterajo tukawauza Palma, ambako wageni wa gesi walikula kama watu waliotoka kifungoni.

Ubaya wa pikapu ile ulikuwa asubuhi. Umande wa chumvi ukishaingia, haiwaki. Tulisukuma, tukasoma dua, wifi akaitukana kwa Kimwani na kwa Kireno, nayo ikakaa kimya kama bibi harusi. Siku moja fundi wetu, Mmakonde wa Nhica do Rovuma, alifungua kifuniko cha distributa, kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, akatuonyesha platini: vijichuma viwili vya kugusana na kuachana, vimechimbika na kuota kutu.

"Nimezipiga msasa mpaka zimekwisha," alisema. "Tafuteni distributa ya elektroniki. Hiyo haina platini, chumvi haitakuwa na cha kula."

"Ya gari gani?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Injini hii si ya gari hili, ilishabadilishwa zamani. Msiulize jina la gari. Tazameni nyaya zinazotoka ubavuni, ziwe mbili, siyo moja. Kisha ichomoeni mtazame gia ya chini. Meno yake yalale hivi." Akachovya kidole kwenye grisi, akanichorea kiganjani meno yaliyoinamia upande mmoja. "Yakilala upande mwingine, hata uipige nyundo haitakwenda."

Wifi alikuwa ameshajua pa kwenda. Nyuma ya nyumba ya bwana mmoja wa serikali, aliyeletwa kwetu kutoka kusini, palikuwa na pikapu mbovu inayotagiwa mayai na kuku. Shida ni kwamba bwana huyo, mseja wa makamo mwenye miwani, aliwahi kumsalimu wifi sokoni kwa maneno matamu kidogo, na wifi akamjibu mbele ya watu kwamba ananuka karatasi.

"Mwombe tu," nikamwambia.

"Nimwombe? Nife kwanza! Tutampelekea samaki, mimi nimzungumzishe barazani, wewe uende ukawasifu kuku wake. Tukiona inafaa, ndipo tutafute njia ya kuomba."

Nikatia spana kwenye kikapu, chini ya samaki. Tulipofika, yule bwana alitoka amefurahi kama mtu aliyetembelewa na gavana, na kwa adabu za kwao akaninyooshea mkono. Nami, mkono mmoja ukiwa umekamata kikapu ili spana isigonge kitu, nikampa ule wenye mchoro. Akaushika kwa mikono miwili, akautikisa sana.

Wifi akakaa barazani, akajipepea kwa ncha ya kapulana aliyojifunga, akaanza kumuuliza habari za kwao kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia tangu niolewe katika ukoo ule. Nikazunguka nyuma. Kuku waliokuwa ndani ya injini walinitazama kama mahakimu. Nikawafukuza mmoja mmoja, nikafuta vinyesi, nikaiona distributa: ubavuni, nyaya mbili! Nikalegeza bolti, nikazungusha, nikavuta, ikatoka ikiwa na mafuta meusi. Nikafungua kiganja changu nilinganishe meno.

Kiganjani palikuwa na doa tu. Mchoro wote umekwenda.

"Mama, unatafuta hii?"

Nikageuka. Yule bwana alikuwa amesimama nyuma yangu, kiganja amekiinua kama anayeapa, na mchoro uko pale, safi kabisa. Nyuma yake wifi, aliyekwisha kuulizwa juu ya mchoro na kueleza yote, alikuwa ameuficha mdomo kwa mtandio, mabega yanacheka.

Nilitamani kuingia kwenye kile kiota. Lakini yeye alinipokea distributa, akaisogeza karibu na kiganja chake, akavaa miwani vizuri. "*Que pena*," akasema, na nikaona amesikitika kwelikweli. "Haifai. Meno ya hii yanalala upande mwingine."

Kisha wifi akasogea, akamshika mkono bila kuomba ruhusa, akautazama.

"Bwana wee," akasema, "mkono wako ni muhuri. Muhuri si hupiga kinyume? Yakiwa kinyume mkononi mwako, basi ndiyo yenyewe!"

Bwana akacheka mpaka kuku wakakimbilia uani kwa jirani. "Ungeniomba tu," akamwambia.

"Ningekuombaje, na nilikwambia unanuka karatasi?"

"Nanuka kweli. Kazi yangu ndiyo hiyo."

Akatupatia distributa, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, akatufuata kwa fundi ili aione inavyofungwa. Fundi akaitia mahali pake, akaondoa waya mmoja uliokuwa ukiipunguzia nguvu koili inayozalisha moto, maana ya elektroniki inataka moto kamili. Kifuniko cha chujio la hewa kilikuwa kimetolewa, na yule bwana akainama juu ya kabureta kama anayechungulia kisima. Wifi akawasha.

Injini ikapiga chafya. Ulimi wa moto ukatoka kwenye kabureta, ukarudi ndani, na bwana wa serikali akainuka unyusi mmoja ukiwa nusu.

"Nimeiingiza kinyume, nusu mzunguko," fundi akasema bila kushtuka, akaichomoa na kuigeuza.

Wifi aliteremka akiwa amekusudia kucheka, nilimwona. Lakini alimtazama yule mtu akijipapasa paji la uso na kuuliza kwa heshima kama gari limeumia, na kicheko kikamkwama. Akalowesha ncha ya mtandio wake, akamfuta masizi. Alipowasha tena, injini iliitika mara moja, nyororo, na tangu hapo asubuhi zetu hazikuwa za kusukuma tena.

Wifi naye akaanza kupika chakula kingi kuliko tunachokula. Bwana akawa anakuja kula, akajifunza Kimwani chetu, hata matusi ya gari. Wazee wakaulizana, akasilimu, nikahi ikafungwa, na mimi nikaimba sana arusini, nikijisifu kwamba ni kazi yangu.

Kisha serikali ikamhamishia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Wifi akapakia masufuria, magodoro na mume kwenye pikapu. Gari ni la ukoo wao, na asiyejua kuendesha ni mimi; ningesema nini? Waliondoka asubuhi yenye umande mzito. Mume wangu aliitazama njia, kisha akanitazama mimi.

"Umemwozesha dada yangu vizuri," akasema. "Sasa samaki wa Quiterajo utawaleta kwa mguu?"

Wiki ile ile nilikwenda kwa fundi, nikamwomba anifundishe kuendesha; gari nitalitafuta baadaye.